Kufuli la Kisu

Kiwandani walimwita Mama Ubao, na jina lenyewe hakulichukia. Lilitokana na ubao mweupe, mpana kuliko mlango, uliotundikwa pembeni ya laini mpya ya uzalishaji wa sabuni. Kila asubuhi kabla mitambo haijawashwa, watu wa mradi walisimama mbele yake, kila mmoja akataja analolijua, lililomkwamisha, na mtu anayemhitaji amsaidie. Mama Ubao ndiye aliyeshika kalamu. Zamani alikuwa karani wa stoo, lakini uongozi ulipoamua miche ya sabuni ikatwe na mashine inayojiendesha yenyewe, ulimtoa kwenye rafu zake ukamfanya mratibu, kwa sababu moja tu: watu walikuwa na tabia ya kumwambia mambo.

Na kweli alihitajika mtu wa namna hiyo. Mafundi mitambo na mafundi umeme hawakuwa wakiiva chungu kimoja. Mtunga programu, waliyembandika jina la Kimya, alijibu maswali kwa kukohoa. Wakataji sabuni, waliofanya kazi hiyo kwa mikono miaka nenda miaka rudi, hawakumpenda mtu yeyote mle ndani, maana waliona kila wanaloulizwa ni jembe la kuwachimbia kaburi. Mama Ubao akakaa katikati yao, akasikiliza, akaandika. Juu kabisa ya ubao, kwa wino usiofutika, aliweka kanuni aliyoitunga mwenyewe: HAKUNA SIRI YA MTU MMOJA. Aliipenda kanuni ile kama mama anavyompenda mtoto mwenye akili, na kama akina mama wengi wa namna hiyo, hakufikiri kuwa mtoto huyo anaweza kumuumbua.

Asubuhi mambo haya yalipoanza, ubaoni palikuwa na neno moja lililozungushiwa duara jekundu: KUKATA.

Sabuni ikishamwagwa kwenye fremu huachwa ipoe na kuganda, ndipo ikatwe miche. Ukiiwahi bado laini, waya wa kukatia unaivuruga. Ukiichelewesha, inapasuka vipande. Kujua wakati wake ndio ufundi wenyewe, na aliyesifika kwa ufundi huo kuliko wote ni mkataji mmoja waliyemwita Kisu. Kisu alikuwa ameshaeleza, tena mbele ya ubao huohuo: unatazama rangi, sabuni ikiacha kung'aa na kuwa nyeupe ya maziwa, unakata. Wakafunga kamera. Kimya akaifundisha kuitambua rangi hiyo. Tangu hapo mashine ilikuwa ikikata takataka tupu, kwa sababu kamera ilisubiri weupe ambao haukuja, na muda wake wa kungoja ulipoisha ikakata, sabuni ilikuwa imeshakuwa tofali.

"Mimi sina haya," alisema Spana, mkuu wa mafundi mitambo, ambaye kweli hakuwa nayo. "Kamera nzima. Programu nzima. Mashine nimeifunga mwenyewe, nzima. Basi aliyetuambia rangi ndiye anayetuchezea. Kisu, bwana, unatuficha nini? Unaomba mashine ishindwe urudi na kisu chako?"

Kisu alikuwa amesimama nyuma, mgongo ukutani. "Nimesema ninachojua."

"Mhujumu naye husema hivyohivyo."

Watu wakaguna. Injinia, kiongozi wa mradi, mtu wa adabu ambaye hata akikasirika alisema tafadhali, aliinua mkono. "Taratibu, jamani. Lakini Kisu, ndugu yangu, wageni wa kuiona mashine ikifanya kazi wako njiani. Kama kuna jambo, tafadhali liseme hapa. Mkurugenzi akisikia kuna mtu alituficha, sitaweza kukutetea. Na ile nafasi yako ya kwenye skrini, sitaweza kuitetea pia."

Nafasi ya kwenye skrini kila mtu aliijua. Kati ya wakataji wote, mmoja tu angebaki kwenye laini mpya, akae kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu mbele ya skrini na kuiangalia mashine ikifanya kazi aliyokuwa akiifanya yeye. Nafasi hiyo ilikuwa ya Kisu. Alikuwa ameahidiwa na kupewa mkono.

Mama Ubao aliishusha kalamu, maana Kisu alikuwa mumewe, baba wa watoto wake wawili waliokuwa shule ya bweni, na ukweli aliujua yeye peke yake. Aliambiwa kitandani, taa ikiwa imezimwa. "Mama watoto," Kisu alimwambia siku hiyo, "macho yangu yameingia ukungu. Rangi siioni tena. Siku hizi naweka kiganja juu ya sabuni. Kikitoka kikavu, nakata." Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeogopa, akamwomba asimwambie hata mama yake. Tangu siku hiyo Mama Ubao alimsomea mumewe ujumbe wa simu bila kuombwa, na kikombe cha chai alikisogeza mpaka kikamgusa mkono. Mambo hayo hayakuzungumzwa kati yao tena. Yalikuwa yao wawili.

Sasa pale mbele ya watu, kama mtu anayejumlisha hesabu, akaona kosa lilipo. Mwaka uliopita kiwanda kilibadilisha mafuta ya kupikia sabuni. Rangi ilibadilika, ule weupe wa maziwa ukatoweka, na Kisu hakujua kwa kuwa alikuwa haangalii tena. Aliwaeleza kwa nia safi rangi aliyoikumbuka tangu macho yake yalipokuwa mazima, na wakataji wenzake hawakuona faida ya kumsahihisha.

"Hafichi kitu," alisema. Alisikia sauti yake ni ileile ya kila asubuhi, ya kuratibu. "Haangalii rangi, anagusa. Anaweka kiganja. Macho yake hayaoni vizuri, ni mwaka wa pili huu."

Kisha Kimya, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiunga sentensi mbili, alipayuka: "Kumbe ni kugusa! Tunafunga kihisi cha kugandamiza! Kinashuka, kinagusa, kikitoka bila kunata tunakata!" Spana akaanza kuchora hewani kwa mikono jinsi mkono wa kihisi utakavyofungwa. Mzee Waya, fundi umeme, akasema nyaya anazo tayari. Walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, mitambo na umeme na programu, kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, na Injinia akampigia Mama Ubao makofi. "Hii ndiyo timu," alisema. "Hii ndiyo maana ya timu."

Mama Ubao akageuka, akafuta KUKATA, akaandika KUGUSA. Alipogeuka tena, ukutani hapakuwa na mtu.

 

Walikaa nyumba ya tatu kutoka bombani, vyumba viwili na sebule, pamoja na mama yake Kisu, ambaye tangu afiwe na mumewe alihamia kwao na viti vyake vinne na ulimi wake. Jioni hiyo Mama Ubao alikuta Kisu ameshakula. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Hata njaa imuume vipi, alikuwa akimngoja. Sahani ya Mama Ubao ilikuwa mezani peke yake, imefunikwa.

"Habari zako zimekutangulia," alisema mama mkwe, bila kuinua uso kutoka kwenye nguo aliyokuwa akishona. "Jirani kaniuliza bombani, eti mama, mwanao kapofuka lini? Mimi niliyemzaa nimebaki nimeduwaa na ndoo yangu. Nikamwambia, mwanangu, nami nasikia kwako."

"Nisamehe, mama. Walikuwa wanamwita mhujumu. Wangemfukuza."

"Na sasa hawatamfukuza?"

Mama Ubao aliifunua sahani, akaifunika tena.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," mama mkwe aliendelea, akakata uzi kwa meno. "Lakini wewe mkwe wangu nakujua, huna roho mbaya. Ndiyo maana nashindwa hata kukutukana. Kula, chakula kinapoa."

Hakula. Aliingia chumbani, akamkuta Kisu ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni.

"Mume wangu."

"Naam."

"Nilikuwa nakutetea."

"Najua."

"Spana alikuwa anataka..."

"Najua Spana alichotaka. Mhujumu ni mtu anayeogopwa, mama watoto. Ningefukuzwa kama mhujumu, ningetoka getini kifua mbele. Leo mchana wamenishika mkono kunivusha njia ya magari ya mizigo. Njia niliyoipita tangu kiwanda hiki hakijaezekwa bati. Kijana wa watu, ananiita mzee, ananiambia polepole."

"Basi ungesema mwenyewe! Ubao ule ni wa kila mtu."

"Sikukuambia ubaoni." Akapiga godoro kwa kiganja, kiganja kilekile cha sabuni. "Nilikuambia hapa. Ningetaka kuwaambia wao, si nilikuwa nimesimama palepale? Mdomo ninao."

Alitaka kumwambia kwamba ukweli ule umeokoa mradi, na mradi ukifa kiwanda kinafungwa, na kiwanda kikifungwa mtaa mzima unalala njaa. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini aliyasikia kichwani mwake yakitoka kwa sauti ya asubuhi, akaona aibu.

"Nisamehe," alisema.

"Nimekusamehe," alijibu Kisu, upesi, kama mtu anayemlipa mdai mlangoni ili aondoke. Akavua viatu, akalala akiutazama ukuta.

 

Injinia alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomaliza mambo. Alisema asingependa mtu wake aumie, akamwita afisa usalama ampime Kisu macho. Afisa naye hakuona sababu ya kutafuta chumba. Alibandika karatasi ya herufi kwenye ukuta wa bwalo, saa ya chai, watu na vikombe vyao.

"Soma mstari wa kwanza."

Kisu akasoma.

"Wa pili."

Akakisia. Mtu mmoja akacheka, hakuwa na nia mbaya, alicheka kama tunavyocheka mwenzetu akiteleza. Mstari wa tatu Kisu alisema, "Hapo pana herufi," na bwalo zima likaangua kicheko, naye akacheka nao. Mama Ubao alikuwa mlangoni. Alikuwa anamjua mume wake akicheka na anamjua akijifanya kucheka, akarudi zake kwenye ubao bila kunywa chai.

"Mtoto wa jicho," afisa alisema. "Unatibika, mzee. Ukipata nafasi, nenda hospitali." Kisha akaandika kwamba mtu huyo haruhusiwi kukaa kwenye skrini, na Kisu akapelekwa kitengo cha maboksi, kukunja makaratasi magumu yawe maboksi, kazi inayofanywa kwa vidole na malipo yake ni madogo kama kazi yenyewe. Kiti kile cha mbele ya skrini akapewa shemeji yake Spana.

Nani wa kumlaumu? Kihisi cha kugandamiza kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko ndoto ya Kimya. Miche ilitoka sawasawa, kona zake zimesimama. Mkurugenzi alimtaja Mama Ubao kwenye mkutano. Ni yeye tu aliyeona kitu kingine kimeanza kukauka. Zamani hakuweza kumaliza kikombe cha chai bila mtu kusogeza kiti karibu na kunong'ona: fundi fulani hajui kusoma mchoro lakini anaona haya, fulani na fulani hawasemeshani ndiyo maana bomba linavuja. Sasa walimwamkia kwa heshima, wakasema jua kali, wakainua vikombe vyao. Mama mmoja wa kitengo cha kufunga, aliyeanza kumweleza jambo akiwa ameshika tumbo lake, alinyamaza katikati ya neno, akasema, "Basi tu, Mama Ubao. Nimesahau." Kila asubuhi walimpa ya kuandika, na ubao ulijaa. Yalikuwa mambo ambayo mtu yeyote angeyaona akipita.

Aliyaona hayo yote, akajua sababu, na hakuwa na mtu wa kumweleza. Mtu aliyezoea kumweleza mambo ya namna hiyo alikuwa analala akiutazama ukuta.

 

Siku ya mwisho ya majaribio, kesho yake wageni waje, Injinia alitaka kuwa na hakika. "Tumwite Kisu," alisema. "Aguse mara moja tu, atuambie kama kihisi kinagusa kama yeye."

Laini mpya ilizungushiwa uzio wa wavu wa chuma, na kuingia ndani yake kulikuwa na sheria. Kila mtu wa mradi alikuwa na kufuli lake na ufunguo wake mmoja. Ukitaka kuingia, unazima swichi kuu na kulitundika kufuli lako hapo, mashine isiweze kuwashwa ukiwa ndani. Ukitoka, unalifungua mwenyewe. Halifunguliwi na rafiki, halifunguliwi na bosi, na wala halikatwi. Sheria hiyo nayo ilitungwa mbele ya ubao, na aliyeiandika mnamjua. Kufuli la Kisu lilikuwa jekundu, lina mkwaruzo wa tupa ubavuni, aliouweka yeye ili kidole gumba kilitambue. Hakuna aliyekumbuka kumwambia alirudishe alipohamishiwa maboksi.

Kisu alikuja, akatundika kufuli, akaingia. Akaweka kiganja juu ya sabuni pembeni ya mkono wa kihisi. Alikaa hivyo kwa muda, ameinamisha kichwa, na wote wakangoja.

"Kinagusa kama mimi," alisema.

Wakashangilia. Injinia alimkumbatia Kimya, Kimya akamkumbatia Spana, Mzee Waya akatoa simu, wakapiga picha mbele ya uzio. Mama Ubao aliitwa asimame katikati, akasimama. Walipoitazama picha ile baadaye, waliona kwamba nyuma yao mlango wa uzio uko wazi na mtu anatoka.

 

Kesho yake asubuhi wageni walifika na kofia zao nyeupe za plastiki, na mkurugenzi akawa anawaeleza mambo asiyoyajua. Injinia akasema, "Karibuni tuwashe." Mzee Waya akaiendea swichi kuu, akasimama.

"Kuna kufuli," alisema.

Lilining'inia palepale lilipotundikwa jana, jekundu.

"La nani?" aliuliza mkurugenzi.

Watu wote wa mradi walilijua.

"Lete mkasi wa chuma tulikate," alisema Spana kwa sauti ya chini. "Kisu hayumo humo ndani, si tunaona?"

"Kufuli la mtu halikatwi," alisema Mzee Waya. "Leo tukilikata kwa kuwa tunaona, kesho atalikata mtu asiyeona." Akasita, akajutia neno lenyewe. Injinia alimtazama Mama Ubao, na macho yake yalisema tafadhali.

Watu wa maboksi walikuwa wamepewa mapumziko siku hiyo, ili wageni wasije wakajikwaa kwao. Mama Ubao alitoka getini akitembea, kisha akakimbia. Alimkuta Kisu nje ya nyumba, amekipindua kiti cha mama yake, anakaza skrubu za miguu. Alikuwa anatafuta kichwa cha skrubu kwa kidole kwanza, halafu anaweka bisibisi.

"Kufuli lako liko kwenye swichi," alisema akihema.

"Lipo?"

"Wageni wameshafika. Mkurugenzi amesimama."

Kisu aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akamnyooshea. "Chukua."

"Siwezi kuchukua. Kufuli hufunguliwa na mwenyewe."

"Sheria ya nani hiyo?"

"Yangu," alisema.

Kisu akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha kwanza kwa siku nyingi, na Mama Ubao alikipokea kwa uroho. Alitamani kuketi pale chini kwenye mchanga na kukisikiliza. Akasogea karibu.

"Uliliacha makusudi?"

Kisu aliweka bisibisi juu ya kiti. "Unaniuliza kama nani? Kama mke wangu, au kama Mama Ubao?"

"Kama mkeo."

Akaonekana kuamini. Akafungua mdomo, na usoni mwake pakapita sura ile aliyokuwa nayo taa zikizimwa. Wakati huohuo simu ikalia mkononi mwa Mama Ubao. Injinia. Aliitazama simu, akamtazama mumewe. Ikalia tena. Alijua wazi, kama tunavyojua mambo ambayo hatutayafanya, kwamba alipaswa kuiacha ilie mpaka ichoke. Mkurugenzi asingekufa. Wageni wangekunywa maji.

"Pokea," alisema Kisu. "Wanakungoja."

Akapokea. Alisema ndiyo, tunakuja, ndiyo, amekubali. Alipokata simu, Kisu alikuwa ameshavaa viatu.

 

Waliingia kiwandani pamoja, hatua moja ikiwatenga. Wageni waliwapisha. Kisu aliiendea swichi kuu kwa njia aliyoijua, akalishika kufuli, kidole gumba kikauona mkwaruzo. Mpaka hapo lilikuwa jambo jepesi. Lakini tundu la ufunguo lilikuwa chini, upande wa kivuli, na macho ya watu yote yalikuwa mkononi mwake. Ufunguo uligonga chuma. Ukagonga tena. Ukateleza ukaanguka, ukalia sakafuni, na mgeni mmoja akamwuliza mkurugenzi kwa sauti iliyosikika, "Huyu ana nini?"

Kisu alichuchumaa, akapapasa sakafu kwa kiganja. Ufunguo ulikuwa karibu na kiatu cha Mama Ubao. Mkewe aliinama auokote.

"Mwenyewe," alisema Kisu, polepole, kwa ajili yake peke yake.

Mama Ubao akanyooka. Akasimama mikono ikiwa pembeni, amezungukwa na timu aliyoiunda, akamtazama mume wake akitafuta. Kisu akaupata. Safari hii alitanguliza kidole gumba kwenye tundu, akaufuatisha ufunguo kwenye kidole, kama alivyofanya kwenye skrubu za kiti, na kufuli likafunguka. Alimkabidhi Injinia kufuli na ufunguo wake.

"Samahani," alimwambia. "Nilisahau."

"Tunasahau sote, ndugu yangu," alisema Injinia, na alimaanisha.

Mzee Waya akawasha. Mkono wa kihisi ukashuka, ukagusa, ukainuka mkavu, na nyaya zikapita kwenye sabuni bila sauti. Wageni wakapiga makofi. Injinia akaita watu wote wa mradi wapigwe picha, akasema, "Na Kisu, Kisu yuko wapi?" lakini alikuwa ameshaondoka, kwenda kumalizia kiti cha mama yake.

 

Mvua zilikuja zikaisha. Uongozi uliupenda ubao kiasi cha kuagiza vitengo vyote vije kusimama mbele yake, hata boila, hata maboksi. Laini mpya ilikata bila kuchoka. Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Kisu alikuwa anaongea, tena kuliko zamani: gundi ya maboksi imepanda bei, goti la mama limetulia, mtoto ameandika shuleni anataka viatu. Hakuna hata neno moja ambalo lisingeweza kuandikwa ubaoni. Taa ikizimwa alisema, "Lala salama, mama watoto," na Mama Ubao akabaki macho akiisubiri ile sauti nyingine, ya chini, na isije. Siku moja alijikaza akamwuliza macho yanaendeleaje.

"Macho yangu?" alisema Kisu, bila hasira yoyote. "Si yako ubaoni?"

Asubuhi moja wakuu wa vitengo walikuwa wakitoa taarifa zao, naye akiandika. Zamu ikafika kwa msimamizi wa maboksi, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kuita wateja.

"Kwetu kuna moja tu," alisema. "Alhamisi Kisu hatakuwepo. Hospitali wamempa nafasi, anakwenda kutolewa ule mtoto wa jicho. Zamu yake tumeshagawana wenyewe, msiwe na wasiwasi."

Watu wakafurahi, wakafurahi kwelikweli. "Hongera, Mama Ubao!" alisema Mzee Waya. "Habari njema hivi umetukalia nayo kimya?" alisema Spana. Mama Ubao alicheka, akasema alitaka wenyewe wa maboksi ndio waseme. Akaugeukia ubao, akaandika: ALHAMISI. KISU, MACHO.

"Na wewe tukuandike hupo?" aliuliza Injinia kwa upole. "Unamsindikiza, bila shaka."

Kalamu ilikuwa bado kwenye ubao.

"Aa, hapana," alisema msimamizi wa maboksi. "Kisu kasema anakwenda na mama yake. Kasema mkewe asisumbuliwe, ana kazi nyingi."

"Ndiyo," alisema Mama Ubao. "Anakwenda na mama."

Akaongeza maneno hayo mbele ya yale ya kwanza: NA MAMA YAKE. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, kama kawaida. Kisha akageuka, akauliza nani mwingine ana la kusema.